Mfupa Kooni mwa Chui

Hekalu la Tabibu Mkuu,
Lam-khe,
siku ya ishirini, mwezi wa pili.

Kwa Kaka yangu mpendwa Bun-tek,

Salamu zangu zikufikie huko Kelung, zikukute mkavu kama inawezekana, maana kila anayetoka huko anatuambia mvua yenu haijui kupumzika. Hujambo, Kaka? Wifi yangu Siok-hun hajambo? Lile goti lake limepoa, au bado linamwambia mvua inakuja kabla mawingu hayajajua? Na wanangu wawili, bado wanamkumbuka shangazi yao, au wanakumbuka tu zile njugu za sukari nilizowaletea? Mimi na Baba tu wazima. Tunakula, tunalala, tunagombana kidogo asubuhi na kupatana mchana, kama kawaida yetu.

Najua nimekukawizia jibu. Barua yako ya kabla ya Mwaka Mpya niliipata, nikaisoma mara tatu, nikaiweka chini ya mtungi wa chai, na tangu siku hiyo kila nikimimina chai inanitazama. Sababu ya kukawia utaikuta humu ndani. Ila nakuomba usiruke kwenda mwisho kama unavyofanya na magazeti. Soma polepole, unywe na chai.

Nianze na macho ya Baba. Ulipokuja kusafisha makaburi mwaka jana alikuwa bado anaona vivuli, na alikudanganya kwamba anaona zaidi. Kaka, sasa haoni kitu. Tangu majira ya mavuno kumekuwa giza moja kwa moja. Daktari wa mjini alisema ni presha ya macho na kwamba tumechelewa. Mimi nililia ndani ya basi bila aibu, na Baba akawa ananiuliza kama tumeshapita kiwanda cha sukari, kwa sababu harufu ameisikia. Basi huyo ndiye Baba yako. Watu wakimhurumia, wakimwambia inakuwaje Tabibu Mkuu aliyelitibu joka macho akashindwa kumtibu mtumishi wake wa miaka arobaini, yeye huwajibu kwamba joka lilikwenda kwa daktari mapema, halikukaa nyumbani likijifanya linaona. Hataki nyimbo za kusikitika. Anataka uji wake uwe na tangawizi na redio iwe karibu.

Kwa hiyo mimi ndiye macho yake hekaluni. Mtu akivuta kijiti cha ramli, namsomea Baba namba, naye shairi lake analo kichwani, yote sitini, neno kwa neno. Mwanzoni alikuwa akifasiri yeye na mimi nikichukua tu karatasi ya shairi kwenye droo. Kisha akaanza kuniachia wale wa mambo madogo: mbuzi aliyepotea, mtihani wa shule, mkwe asiyezungumza. Kisha akaniachia na wakubwa. Siku hizi anakaa pembeni na kikombe chake, ananisikiliza, na nikikosea anakohoa. Wiki nyingine hakohoi kabisa.

Si kwamba sikosei. Mwezi wa kumi na moja alikuja jamaa mmoja wa ng'ambo ya mto, mkaidi kama nini, akavuta kijiti namba kumi na saba na kukataa kusema ameuliza nini. Eti kama Tabibu Mkuu anajua, basi na mimi nijue. Nami nikaona nisishindwe. Unaikumbuka kumi na saba: mgeni mwenye heri anaingia kwa mlango wa nyuma, na uzi wa hariri unapita chini ya pazia. Nikajitia ubingwa. Nikampongeza kwa harusi. Nikamweleza jinsi Tabibu Mkuu alivyompima malkia mapigo ya moyo kwa uzi wa hariri tu, bila kumgusa wala kumwona, na kwamba maana yake huyo anayeingia nyumbani asivutwe, asitishwe, ashikwe kwa upole mpaka azoee. Yule jamaa akanikodolea macho. Akasema, "Dada, mimi nauliza kama ninunue nguruwe jike. Sasa huyo nguruwe nimshike kwa uzi wa hariri?"

Baba alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Wiki nzima kila mtu sokoni aliniuliza bibi harusi amezaa watoto wangapi. Lakini jioni Baba aliacha utani akanikumbusha lile la kwanza kabisa alilotufundisha sisi wawili tukiwa wadogo, tumekaa chini ya meza tukila njugu: kabla hujaifasiri ishara, lijue swali. Jina la mtu, anakaa wapi, ameuliza nini. Akikunyima swali, mrudishie karatasi yake aende nayo. Nikasema nimesikia, Baba. Nilidhani nimesikia.

Sasa nije kwa Mzee Ngo, ambaye unamfahamu na tumbo lake na funguo zake kiunoni. Bado ni mwenyekiti wa kamati. Alikuja nyumbani siku tano baada ya Mwaka Mpya na sahani ya machungwa, akakaa, akasifu chai yangu, nikajua hapa kuna jambo. Akasema kamati inataka suala la meza ya ramli liishe kabla ya siku ya kuzaliwa kwa Tabibu Mkuu, siku ya kumi na tano ya mwezi wa tatu. Meza hii imekuwa ya ukoo wetu wa Gan vizazi vinne, hakuna anayeigusa, lakini haiwezi kuwa na mwenyewe asiyeona na msaidizi asiye na jina. Nikamwambia msaidizi ana jina, anaitwa Giok-lian, umemfahamu tangu akiwa na meno mawili. Akacheka. Akasema hana ugomvi na mimi, ila je, nikiolewa kesho? Tumfungashe Tabibu Mkuu na meza yake tumpeleke kwa mume wangu? Nikamjibu kwamba nina miaka thelathini na minne, na sokoni hata mshenga ananipita akiangalia bei ya samaki, kwa hiyo asijisumbue kutafuta kamba za kufungashia.

Lakini hakuishia hapo. Alipokuwa anavaa viatu alimwambia Baba, tena kwa sauti ya kawaida tu, kwamba mtoto wa kwanza yupo, ana afya, ana akili, na siku hizi saa mpya zimekuwa nyingi hata mafundi wa saa hawana kazi ya kutosha. Kwa nini Bun-tek asirudi kwao?

Kaka, moyo wangu ulishuka mpaka kwenye kandambili. Kwa sababu barua yako ilikuwa chini ya mtungi wa chai, na ndani yake wewe mwenyewe uliandika hivyo hivyo. Kwamba watu hawatengenezi tena, wananunua. Kwamba jioni nyingine unafunga duka hujashika hata bisibisi, na unatamani kurudi nyumbani. Sentensi ile uliiandika kama mtu anayepita tu, lakini mimi ni mdogo wako, nakujua. Na nilikuwa nimemsomea Baba barua yako yote isipokuwa sentensi hiyo.

Nakuomba uvumilie, bado kuna jambo kubwa kuliko hilo.

Acha nikuambie kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu. Naipenda meza ile. Sisemi naipenda kwa sababu ya Baba, au kwa sababu sina pa kwenda. Naipenda yenyewe. Napenda mtu anapokuja amekunja uso kama kitambaa kilichokamuliwa, anavuta kijiti, anakaa mbele yangu, na mimi nalitazama shairi, namtazama yeye, na hatua kwa hatua nauona ule uzi unaotoka kwa Tabibu Mkuu mpaka kwenye shida yake. Napenda anavyosimama akiwa amenyooka. Nilipokuwa kiwandani nikipanga mananasi kwenye makopo, sikuwahi kupenda kitu. Hapa napenda.

Siku ya kumi na sita ya mwezi wa kwanza Baba aliniamsha alfajiri, akataka nimpeleke mbele ya madhabahu kabla mlango mkubwa haujafunguliwa. Nikamwashia ubani. Akapiga magoti, akanong'ona jina lake, mahali anapokaa na swali lake, midomo ikicheza tu, na katika mnong'ono ule nilisikia neno moja: jina lako. Halafu akavitupa vibao vya mwezi, vile viwili vyenye tumbo bapa na mgongo wa mviringo. Mara tatu alivitupa, na mara tatu akaniuliza vimelalaje, nami nikamjibu. Hayo ya vibao nitayarudia, nakuahidi.

Baada ya mara ya tatu alivipapasa vibao sakafuni, akaviweka kando. Kisha akasema, basi tumwombe shairi. Akatikisa kopo, kijiti kikaruka. Nikakisoma: thelathini na tatu. Hapo sikubadilisha kitu, kijiti kilikuwa thelathini na tatu kweli, na Baba akalisema shairi taratibu, uso wake umegeukia chini ya madhabahu, pale anapolala yule Chui wetu wa sanamu, mweusi kwa moshi wa ubani:

Chui mlimani hawezi kunguruma,
mfupa umekaa njia ya sauti;
mkono wa tabibu hauogopi meno,
afunuaye kinywa ndiye atakayepona.

Hadithi yenyewe tumeisikia tangu tukinyonya, lakini siku ile Baba aliisimulia kama mtu anayekagua nyumba kabla ya kuinunua, mlango kwa mlango. Alisema watu wote wakifika kwenye chui wanatazama ushujaa wa Tabibu, jinsi alivyoingiza mkono kati ya meno. Wanasahau kwamba mwanzo alikataa. Chui alikuja na mfupa kooni, na Tabibu akamwambia, wewe umekula mtu, huo mfupa ni wa mtu, nenda zako. Chui akarudi. Akakataliwa tena. Mpaka alipoweka kichwa chini na kukiri alichokula, ndipo mkono ukaingia. Na baada ya hapo hakurudishwa msituni. Alipewa kazi. Yule yule aliyekula watu akawekwa chini ya madhabahu alinde watoto wa watu. Kwa hiyo, Baba akasema, shairi hili halihusu kabisa ugonjwa. Linahusu kitu kilichomezwa. Halafu akaniuliza kama uji uko tayari.

Nikamwambia uko tayari. Nilikwenda jikoni nikakata tangawizi nyingi mno, tukaunywa vile vile.

Mwezi mzima uliofuata, Kaka, sijui nikuambieje. Chakula hakikupita vizuri. Nilikula matembele, nayo yakakwama. Na kijiti thelathini na tatu kikaanza kunifuata. Vijiti sitini ndani ya kopo, lakini kila siku ya tatu kinatoka hicho hicho. Mwalimu wa shule alikivuta. Kinyozi alikivuta. Mimi nikawa nawafasiria kwa upande mwingine, kwamba mfupa ni deni la zamani, mfupa ni jino bovu, mfupa ni jirani mwenye kelele, ilimradi nisilifikie lile neno la kukiri. Na Baba pembeni alianza kukohoa. Alikohoa mwezi mzima. Watu wakamletea dawa ya kifua.

Mwisho alikuja Mama A-chu, yule muuza uji wa samaki karibu na daraja, mwenye mdomo usio na kufuli. Kuku wake wameacha kutaga, akataka kujua kama kuna mtu mwenye kijicho. Akavuta kijiti, nikakitazama, nikataka kukitupa nje ya dirisha. Thelathini na tatu. Nikaanza kumwambia kwamba mfupa maana yake ni maganda magumu, awape kuku pumba laini. Mama A-chu akanishika kidevu kama mtoto. Akasema, "We Giok-lian, hebu nikutazame. Mimi nina kuku tu wasiotaga. Mwenye mfupa hapa ni wewe. Umekonda mpaka umefanana na kijiti cha ubani, na kila ukisema hilo neno unameza mate. Umemla nani, mwanangu?"

Alikuwa anatania. Lakini mimi machozi yalitoka yenyewe juu ya meza, juu ya karatasi yake ya kuku. Akashtuka, akasema basi, basi, pumba laini nimekubali. Akaondoka mbio, na mpaka leo ananiletea uji kila asubuhi bila kulipwa, akidhani nina ugonjwa wa siri.

Sasa nimefika, Kaka. Nimeandika hapa mara nne na kuchana mara nne. Karatasi hii ni ya tano.

Asubuhi ile ya siku ya kumi na sita, Baba alipotupa vibao mara ya kwanza, kimoja kilianguka chali na kimoja kifudifudi. Ndiyo tupu, isiyo na shaka. Baba akaniuliza vimelalaje. Nikamwambia vyote kifudifudi, Tabibu Mkuu amekataa. Akatupa tena. Kimoja chali, kimoja kifudifudi. Nikamwambia vyote chali, anacheka tu, hajajibu. Akatupa mara ya tatu. Kimoja chali, kimoja kifudifudi, vimelala pale sakafuni mbele ya macho yangu, kama macho mawili yanayonitazama. Nikamwambia amekataa.

Nilisikia jina lako, nikajua anauliza akuite urudi uichukue meza. Tabibu Mkuu alikukubali mara tatu mfululizo, na mimi nikakufungia mlango wa nyumbani kwenu. Nilimdanganya baba asiyeona mbele ya mungu anayeona. Nilijua ninachofanya. Sikuteleza.

Siku ile ya Mama A-chu nilimsubiri Baba amalize redio yake, nikapiga magoti mbele ya kiti chake, nikamwambia yote. Nilimwambia na sentensi yako ya barua niliyoiruka. Nilisema bila kupumzika, nikiogopa nikipumzika nitanyamaza. Nilipomaliza, Baba alipapasa mpaka akapata kichwa changu, akakishika. Akasema alikuwa anajua.

Nikamwuliza anajuaje. Akaniambia nilete vibao. Akavichukua, akatupa hapo hapo chumbani, akasema, kimoja chali. Nikatazama, kweli. Akatupa tena, akasema vyote kifudifudi. Kweli. Kaka, alitupa mara saba na hakukosea hata moja! Kinacholala kifudifudi, akasema, kinagonga mara moja na kunyamaza. Kinacholala chali kinayumbayumba juu ya mgongo wake, taka-taka-taka, kabla hakijatulia. Miaka arobaini amesikiliza sauti hiyo, nilidhani anahitaji macho yangu? Aliniuliza vimelalaje kwa sababu mimi ndiye msaidizi wake, na msaidizi huulizwa.

Nikamwuliza kwa nini basi alinyamaza mwezi mzima. Akasema alikuwa anangoja kuona chui atafunua kinywa lini, na pia amechoka kukohoa, koo linamuuma kweli sasa. Halafu akaniuliza kitu ambacho sikutegemea. Akaniuliza, "Na mimi nilimwuliza Tabibu Mkuu swali gani?"

Nikasema, umwite Kaka arudi achukue meza.

Akasema, "Nani amekuambia?"

Hakuna aliyekuwa ameniambia. Nilisikia jina moja tu ndani ya mnong'ono, na mengine yote nikajifasiria mwenyewe, kama yule wa harusi ya nguruwe. Akanikumbusha habari za Babu. Wewe unaikumbuka, mimi niliisahau: kwamba Babu hakuwa mtoto wa kwanza, na meza haikuwa haki yake, mpaka siku ya kuzaliwa kwa Tabibu Mkuu kaka yake mkubwa alipochukua brashi ya wino ya meza ile mbele ya watu wote na kuiweka mkononi mwa Babu. Baada ya hapo hakuna kamati iliyoweza kusema neno. Haki ya mtoto wa kwanza haichukuliwi na mtu, lakini mwenyewe anaweza kuitoa.

Swali la Baba, Kaka, lilikuwa hili: Je, nimwite Bun-tek aje siku yako, aiweke brashi mkononi mwa mdogo wake?

Na Tabibu Mkuu akasema ndiyo. Mara tatu. Na mimi nikasema hapana, mara tatu, nikijikatalia mwenyewe kwa mdomo wangu kile nilichokuwa nakiiba.

Nilicheka na kulia kwa pamoja, sijui kipi kilianza. Nikamwuliza Baba, kama alishapata jibu na alijua, kwa nini hakukuita? Akasema, angekuitaje? Haoni kuandika. Kalamu yake ni mimi.

Ndiyo hii, basi. Hii ndiyo barua ambayo Baba alitaka iandikwe mwezi uliopita. Anakuita. Tabibu Mkuu anakuita. Mimi pia nakuita, niliyejaribu kukuzuia usije, na sasa bila wewe kuja mimi si kitu mbele ya Mzee Ngo na funguo zake. Siku ni ya kumi na tano, mwezi wa tatu. Njoo na wifi, njoo na watoto, wapite chini ya madhabahu wamguse Chui pua.

Ila sitaki kukudanganya tena, hata kwa kunyamaza. Ile sentensi yako ya kutamani kurudi nyumbani ipo, na sasa Baba ameisikia. Kama unaitaka meza yako, Kaka, sema. Ni yako. Nitakupisha kwenye kiti, nitakuonyesha droo inayokwama na karatasi zilizoliwa na mende, na nikikusikia umefasiri vibaya nitakohoa. Nitaumia, lakini sitakufa, na chakula kitapita kooni. Tangu nimsimulie Baba nimekula bakuli mbili kila mlo, Mama A-chu ameanza kunung'unika.

Leo asubuhi, kabla sijakaa kuandika, nilimwomba Baba tutupe vibao tena. Safari hii nilitupa mimi, na swali nililitamka kwa sauti kila mtu aliyekuwepo alisikie, mpaka mfagiaji akaacha kufagia. Niliuliza kama Kaka yangu atakuja na moyo mweupe, na kama atanisamehe. Vikaanguka vyote chali. Viliyumba pale juu ya mawe muda mrefu kuliko nilivyowahi kuona, taka-taka-taka, hadi nikataka kuvikanyaga vitulie. Baba akaniuliza vimelalaje.

Nikasema kweli. Nikasema, Baba, amecheka.

Akasema amesikia. Nikamwomba anifasirie, na yeye akanywa chai yake kwanza, anajua ananitesa. Halafu akasema Tabibu Mkuu amecheka kwa sababu nimempelekea swali lisilo lake. Hilo ni la Bun-tek, akasema. Kamwulize mwenyewe.

Basi nakuuliza, Kaka.

Mpe wifi mkono, wabusu watoto wote wawili. Baba anakusalimu sana, anasema ukija uje na betri za redio, za huku ni mbovu. Mimi niko mezani, brashi ya Babu iko kwenye kopo lake, imelowekwa, safi, haijaguswa na mtu.

Ni mimi mdogo wako,
Giok-lian